Brazili Katika Kioo cha Mjane

Zena hakuwahi kukimbia hata umbali wa kutoka jikoni hadi uani, wala hakuona sababu ya kuanza. Mwili wake ulikuwa mzito na magoti yake yalilalamika. Mapenzi yake kwa mpira wa miguu yalihitaji kiti tu, pamoja na televisheni ambayo mumewe, Bilali, aliileta Kolwezi kwa lori lake kutoka ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Waliitazama wawili, miaka yote ya ndoa yao. Sasa Bilali alikuwa amezikwa, Kombe la Dunia lilikuwa likichezwa Hispania, na Zena alikuwa ndani ya eda: asitoke, asijipambe, asionwe na wanaume wasio maharimu wake.

Televisheni ilibaki sebuleni. Abibu, kaka mkubwa wa marehemu, aliijaza sebule hiyo wanaume kila jioni, kwa maelezo kwamba nyumba ya msiba haiachwi pweke. Zena alipoomba televisheni ihamishiwe chumbani, jibu lilimjia kwa kinywa cha Kadija, mke wa Abibu: mjane hushika tasbihi. Vitabu vya sheria, ambavyo Abibu alivitaja mara kwa mara bila kuvifungua, havisemi lolote kuhusu mpira. Havikuulizwa.

Lilibaki kabati la nguo. Mlango wake ulikuwa na kioo kirefu, ambacho wanawake walikifunika kwa shuka siku ya mazishi, kama ilivyo desturi. Zena aligundua kwamba shuka likiondolewa na mlango wa kabati ukifunguliwa nusu, kioo kilipokea mwanga wa pengo la pazia lililotenga chumba chake na sebule na kumletea kiwanja kizima, kimegeuzwa kushoto kulia. Wanaume walikuwa wamempa mgongo. Siku baada ya siku alijizoeza kuurudisha mchezo sawasawa kichwani mwake.

Jioni ya Brazili na Italia, mapumziko yaliangukia wakati wa sala ya magharibi, sadfa ambayo wanaume, waliosali upesi, waliihesabu kuwa rehema. Katika kipindi cha pili Brazili ilisawazisha, mbili kwa mbili. Sare ingewatosha kusonga mbele. Zena alikuwa ameinama karibu kabisa na kioo, mkono shavuni, Kadija alipoingia na sahani ya bukari, ugali wa Kolwezi.

"Zena. Unafanya nini pale?"

Zena hakurudi nyuma upesi vya kutosha.

"Mi nakuuliza. Bwana yako hajamaliza hata miezi mbili mu kaburi, na weye uko unajiangalia uso?"

Majibu yalikuwa mawili, yote mabaya. Kweli ingemfanya mjane anayechungulia wanaume ishirini na wawili waliovaa kaptura, na lile pengo la pazia lingeshonwa kabla ya nusu fainali. Uongo ungemgharimu karipio la mwanamke mmoja. Alipima jambo hilo kama mtu mwenye akili, na akakosea.

"Unisamehe, yaya," alisema Zena, akimwita kama dada mkubwa. "Nilikuwa najiangalia."

"Mu giza hii?"

"Nilitaka kuona kama nimekonda."

"Haukukonda," alisema Kadija, na akakifunika kioo.

Mara sebule nzima ikaguna. Zena alielewa kwamba bao limeingia, na kwa mguno wa namna ile, lilikuwa la Italia.

Kadija alimweleza mumewe, na Abibu akakata shauri lake: mjane anayejitazama anawaza ndoa. Sheria inakataza kumposa mjane waziwazi katika eda, lakini inaruhusu dokezo. Kifungu hicho alikijua. Kesho yake dokezo lilifika, na aliyelibeba alikuwa Kadija mwenyewe.

"Abibu anasema televizyo haitatoka mu hii nyumba. Na eda ikiisha, yeye pia atakuwa anakuja kuiangalia. Kila siku."

"Yaya, mi simutaki bwana yako."

"Na mi sitaki umutake. Sasa ulikuwa unajiangalia ya nini?"

Zena alimwambia kweli. Kadija alisikiliza kwa furaha ya mtu aliyetupiwa kamba akiwa kisimani.

"Unipatie kitu moja ya kumupelekea. Hapana ya kusikia. Ya kuona."

"Yule wa Brazili mwenye kusawazisha. Alipita mbele ya babeki, akapiga na mguu wa kulia."

Kadija alikwenda mbio na akarudi taratibu.

"Ni mguu wa kushoto. Bote banasema kushoto. Abibu anasema haukuona kitu, ulisikia tu kelele. Anasema ni haya ya mwanamuke mwenye kuficha mambo ya moyo."

Zena alifumba macho. Kwa mara moja tu, wakati pekee ilipohitajika, alikuwa amesahau kugeuza. Alieleza habari za kioo. Kadija aliinua shuka, akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama kwa muda mrefu.

"Mi nimesikia," alisema. "Yeye hatasikia. Hajawahi kuniuliza kitu mara mbili."

Zena alitazama pazia. Nyuma yake kulikuwa na nusu fainali mbili, na fainali Jumapili.

"Umuambie aje kuchukua televizyo. Leo. Mi siitaki, na kila kitu chenye kuja nayo sikitaki."

Wanaume wawili waliibeba kabla ya jioni. Kadija alirudi baada ya muda, akaketi kitandani, hakuvua kitambaa cha kichwa.

"Amesema nini?" aliuliza Zena.

"Amesema mwanamuke mwenye kukataa mali, ndiyo ule yeye alikuwa anatafuta."

Sebule ilikuwa tupu, na pazia halikuwa na kazi tena.

"Atangoja mpaka eda iishe?"

"Atangoja," alisema Kadija. "Yeye iko na kitu ya kuangalia."