Miguu ya Victoire

Wiki ile Victoire alikuwa ameshajikwaa mara tatu, simu mkononi na mwanawe Prodige mgongoni. Barabara ya Kanyaruchinya ni mawe ya volkano matupu, na mawe yale hayamwonei haya mtu. Mara ya tatu mtoto alichubuka paji la uso.

“Weye utaniulia mutoto na hiyo telefone,” mama mkwe wake, Masika, alimwambia.

Jumapili baada ya misa, vidole gumba vya miguu ya Victoire vilifumbua macho. Yalikuwa ya kahawia, mazuri kuliko ya usoni. Masika aliyaosha vumbi kwa maji ya vuguvugu, akamkataza mkwewe viatu vya kufunika. Victoire alifurahi mno. Sasa hakuwa na haja ya kuinua kichwa.

Jumatano asubuhi aliteremka kwenda sokoni, Prodige mgongoni. Wanakwaya wenzake walikuwa wakichagua kwenye simu kitenge cha sikukuu ya parokia; kijani kilikuwa kinaongoza, naye alitaka bluu. Nyuma yake mchukuzi Kambere alikuwa akishuka na chukudu yake, skuta kubwa ya mbao ya magurudumu mawili, magunia sita ya viazi vya Kibumba juu yake. Breki ya chukudu ni kipande cha tairi kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Kipande kile kikang'oka.

“Pisha, mama! Frein imekufa! Pisha!”

Watu wote walikimbia. Victoire aliandika: “Kijani kinatuzeesha.”

Miguu iligeuka, ikaiona chukudu, ikatazamana, ikaruka. Ilivuka mtaro ulio wazi na mama, mtoto na simu, ikatua barazani kwa muuza unga. Chukudu ikapita pale pale alipokuwa Prodige, ikaishia kwenye rundo la mchanga. Kambere alisimama mzima. Prodige alicheka.

Vigelegele vilisikika mpaka kanisani. Muuza unga aliiomba miguu ifumbe macho, kisha akaimwagia unga, kama wanavyomwagiwa waliofaulu mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Masika alifika mbio, akapiga magoti, akaipangusa kwa kitenge chake huku akilia kwa furaha.

“Aksanti, batoto yangu,” aliiambia miguu.

“Bluu imeshinda, mama!” alisema Victoire, bado ameiinamia simu. Miguu ikamshusha barazani polepole, ikampeleka sokoni.