Jumanne Inayoanza Magharibi

Pak Darsono aliamka na uchovu ule usioondoka hata mtu alale vipi, na hata hivyo kufika alasiri alikuwa amekwisha kunyoa ndevu, kuvaa shati lake la batiki la kahawia na kutandika mikeka kwenye baraza la gamelan, zile patu na ngoma za kijiji. Sahani ya maua ilikuwa mbele ya upatu mkubwa. Birika la chai ya sukari lilikuwa pembeni na tempe, vipande vya soya vya kukaanga. Katikati, juu ya kigoda, aliweka kompyuta ndogo kuukuu na kuifunika kwa kitambaa cheupe.

"Unaifunika ya nini?" Wagiman, jirani yake na mpiga ngoma wake wa miaka yote, aliuliza. "Inaona haya?"

"Vumbi."

"Vumbi lipi? Umefagia mpaka mikeka inakuogopa."

Darsono alinyoosha kona ya kitambaa. Kumjibu Wagiman ni kumwongezea kuni kwenye moto.

Ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mkewe, Ngatinah, akiimba Tirtaweni. Kwingine duniani haikuwepo. Maneno ya wimbo huo kila mtu kijijini alikuwa nayo, na noti zake, zile tarakimu ambazo wapigaji hunakiliana bila kuulizana, zilikuwa zimeandikwa kwa chaki hadi ukutani. Lakini tarakimu haziimbi. Namna Ngatinah alivyokuwa akiuvuta wimbo, akichelewa makusudi mpaka wapigaji washike roho zao, kisha akatua pale pale upatu unapolia, hiyo hakuna aliyeweza kuiandika. Na leo binti yao Retno, ambaye mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, angeisikia.

Kwa nini hakuisikia siku zote hizo? Kwa sababu ya desturi, na kwa sababu ya baba yake, na ukitaka kuvitenganisha viwili hivyo utapata taabu. Tirtaweni hufundishwa na kuimbwa siku ya Jumanne Kliwon tu, siku inayorudi kila baada ya wiki tano, na mwanamke ambaye hajateuliwa kuwa mwimbaji wake hatakiwi kuusikia. Tangu Ngatinah afe hakuteuliwa mtu. Wapigaji waliupiga bila mwimbaji. Jumanne Kliwon ikifika, mchana Darsono alijifungia chumbani na kompyuta yake, akavaa vidude vya masikioni, akasikiliza peke yake, na Retno akapita mlangoni akienda kuanua nguo. Mwezi uliopita tu ndipo wazee walipomteua Retno, na hii ndiyo Kliwon ya kwanza tangu hapo.

Darsono hakuwa mwovu. Alikuwa mwoga, na kwa kweli alikuwa na cha kuogopa. Siku moja aliona kwenye televisheni wimbo wa kijiji cha jirani, wimbo wa kuombea mvua, ukitumika kuuza magodoro. Alirudi nyumbani hana hamu hata ya kula. Haukupita muda akampata bwana mmoja wa kampuni ya Jakarta iliyokuwa ikifungia watu sauti na picha zao zisiibwe. Waliigeuza kaseti pekee yenye sauti ya Ngatinah kuwa faili la aina yao wenyewe. Ukilipeleka kwenye simu, simu inakwambia haijui hicho ni kitu gani. Lilifunguka kwenye kompyuta moja tu, kwa programu yao tu, na kila mara baada ya kuomba ruhusa Jakarta kupitia mtandao.

Kwa Darsono hayo hayakutosha. Aliomba faili lifunguke Jumanne Kliwon peke yake. Yule bwana alicheka kwanza, kisha akaona mwenzake hatanii, akaandika. Darsono akaomba pia kwamba hata yeye mwenyewe akija kuomba masharti yabadilishwe, akataliwe, maana mwizi anaweza kulitumia jina lake. Hilo nalo likaandikwa. Halafu bwana akasema, kwa sauti ya mtu anayesema jambo dogo, kwamba kufuli halina maana kama nakala nyingine iko nje. Darsono akaichoma kaseti nyuma ya nyumba.

"Weka kwenye faili la kawaida," Wagiman alimwambia wakati ule, na akaendelea kumwambia miaka yote. "Lile linalofunguka popote. Nilifungue mimi, alifungue mjukuu wangu, alifungue hata mkopeshaji wa sokoni."

"Na muuza magodoro."

"Naye alale vizuri, kuna ubaya gani?"

Wakagombana, wakaacha kusemeshana, kisha ikabidi wapige muziki pamoja kwenye harusi moja, wakapatana.

Sasa kampuni ilikuwa inafunga. Retno ndiye aliyeikuta barua kwenye kompyuta, baba yake hana tabia ya kusoma barua zisizo na bahasha. Ilisema Jumatatu saa sita usiku mitambo ingezimwa, na baada ya hapo hakuna faili ambalo lingefunguka tena. Jioni Darsono akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akainuka na rangi imemrudi usoni. Jumanne iliyofuata ilikuwa Kliwon. Na Jumanne, kama kila mtu aliyelelewa vizuri anavyojua, huanza Jumatatu jua linapozama.

"Tuna kuanzia magharibi hadi saa sita," alimwambia Wagiman. "Lete hicho kinasa sauti chako."

Wagiman alimtazama muda mrefu. "Faili la kawaida?"

"La kawaida."

"Rudia nisikie."

"Wagiman, nimechoka."

Ndiyo maana sasa walikuwa wamekaa barazani watatu, kinasa sauti karibu na spika, Retno amevaa blauzi ya kebaya ya mama yake iliyombana kidogo mabegani. Wapigaji wengine wangekuja baadaye. Adhana ya magharibi iliisha. Wakaswali, wakarudi. Darsono akawasha ubani, akaondoa kitambaa, akabonyeza.

Kompyuta ilifikiri. Kisha ikaandika: *Si siku yake. Rudi Jumanne.*

"Bonyeza tena," Retno alisema.

Akabonyeza tena. Si siku yake.

"Iambie Jumanne imeshaingia," Wagiman alisema, lakini hakuna mzaha uliokuwa ndani ya sauti yake.

Chini ya barua ya kampuni palikuwa na namba ya simu. Retno alipiga, akaweka sauti ya wazi, simu akailaza mkekani. Iliita mpaka karibu ikate. Ikapokewa na binti mwenye sauti iliyochoka kama wao, akasema anaitwa Yuniar, na kwamba wenzake wote wamekwisha kuaga, amebaki yeye kupokea malalamiko.

Darsono alimweleza pole pole. Yuniar alisikiliza bila kumkatiza.

"Pak," alisema mwishoni kwa heshima, "mtambo wetu unahesabu siku kuanzia saa sita usiku."

"Kwetu siku inaanza magharibi."

"Naelewa, Pak. Lakini mtambo hauelewi."

"Kwa hiyo utafungua saa sita."

"Ungefungua saa sita. Ila saa sita ndiyo tunauzima."

Mjusi wa ukutani alilia mara kadhaa, akanyamaza.

"Mbak, dada," Retno aliinama kwenye simu, "si ubadilishe tarehe huko kwako? Usogeze mbele kidogo tu?"

"Kwa wateja wengine nimefanya hivyo leo mchana kutwa. Nimejaribu na la kwenu sasa hivi tukiongea. Hapa imeandikwa…" Yuniar alisita. "Imeandikwa kwamba mwenye mali hata akiomba mwenyewe, akataliwe. Pametiwa sahihi. Anayeweza kulivunja sharti ni mkurugenzi tu, na mkurugenzi aliacha kazi muda mrefu."

Retno alimgeukia baba yake. Hakumlaumu kwa neno. Darsono angependa amlaumu.

"Mwizi bado hajaonekana," Wagiman alisema taratibu, "lakini kufuli zuri."

"Nyamaza, Wagiman."

"Nimenyamaza."

"Kuna kitu kimoja," Yuniar alisema. "Mezani kwangu nina ruhusa ya majaribio. Naweza kulicheza faili la mteja mara moja, kuhakikisha ni zima. Mara moja tu, na linacheza hapa hapa kwenye spika yangu, halitoki. Nikiweka mkono wa simu karibu na spika mtasikia."

"Si uurekodi kwa simu yako ututumie?" Wagiman aliuliza haraka.

"Simu zetu tunaziacha getini, Pak. Hii ni simu ya mezani. Nimemwomba mlinzi leo mara mbili, kwa ajili ya mama mmoja wa Manado, amekataa. Ndiyo sheria iliyokuwa ikiwavutia wateja."

Darsono aliikumbuka sheria hiyo. Aliisoma siku ile akaisifu.

"Cheza," alisema.

Wagiman akasogeza kinasa sauti hadi kikagusa simu. Retno akafumba macho.

Kilichofika barazani hakikuwa wimbo. Simu za siku hizi zimefundishwa kupenda maneno. Sauti ikinyooka mno, zinaidhania feni au mvua, zinaizima. Upatu ulikuja kama mtu anayegonga meza. Ngatinah alianza neno, na pale alipoanza kulivuta simu ikamkata. Akaanza jingine, likakatwa. Vilifika vipande vya mwanzo, pumzi, kisha kimya kirefu ambacho ndicho kilichokuwa uimbaji wenyewe. Kila kimya Darsono alikijua kilikuwa na nini ndani yake. Alitamani kumwonyesha Retno kwa mkono, hapa anapanda, hapa anangoja, lakini mkono haukuinuka.

Ikaendelea hivyo kwa muda wa wimbo mzima. Retno alifumbua macho kabla haujaisha.

Yuniar alirudi kwenye simu. Akapenga kamasi.

"Mmesikia?"

"Hapana," Retno alisema.

"Hamkusikia hata kidogo?"

"Vipande. Simu inaukata."

"Lo, samahani. Samahani sana, Mbak." Ikasikika akivuta kiti. "Na haliruhusu tena. Limejifunga. Mimi kwetu Padang, nyimbo zenu huwa sizielewi, zinanipa usingizi. Lakini huyu… Ni nani yenu?"

"Mama yangu."

"Huyu alikuwa anaimba."

"Tuambie," Retno alisema. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili sasa. "Ulichosikia wewe. Chochote. Sauti yake ikoje?"

Ulikuwa ujinga kumwuliza mtu wa Padang jambo hilo. Katika wote waliokuwa na haja ya sauti ile usiku huo, aliyeipata nzima ni mtu asiyejua kuitofautisha na nyingine, na sasa walikuwa wanamwombaomba masimulizi. Darsono alihisi hasira, akatafuta wa kumkasirikia, akaishia kwake mwenyewe.

"Nyembamba," Yuniar alisema. "Lakini haitetemeki. Anachelewa sana, mimi nilidhani amesahau. Halafu anafika tu. Katikati kuna mahali anakaribia kucheka, nadhani kwa sababu ya yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Yule anayeimba naye. Si mnamjua? Yuko karibu kabisa na kipaza sauti. Mwanzo ananong'ona, baadaye anatoa sauti kabisa, anamfuata mama neno kwa neno. Hata pale pa kuchelewa anachelewa naye. Mwishoni mwanamume mmoja anamkemea, ndipo inakatika."

Retno aliweka simu mkekani. Wagiman aliangalia ngoma yake. Siku ya kurekodi kaseti alikuwepo.

"Baba," Retno alisema. "Mtoto gani?"

Darsono alikuwa ameficha jambo hilo hata kabla ya kampuni na kufuli lake. Mtoto wa kike, hajateuliwa, anaimba Tirtaweni mbele ya upatu. Wazee wangesema wimbo umenajisiwa na kaseti ingetupwa. Alijiambia anamlinda Ngatinah na wezi. Labda nusu ilikuwa kweli.

"Wewe," alisema.

"Mimi siujui wimbo huo."

"Alikufundisha jikoni, mkichambua mchele. Mimi sikuwa na habari mpaka siku ile. Alipokufa ulikuwa bado unauimba, kila siku, hata ukioga." Akautazama mkeka. "Ulikuwa unaujua wote, Nduk, mwanangu. Nikawa nakupiga kila ukiuimba, mpaka ukausahau."

Kwenye simu Yuniar aliuliza kama bado wapo. Retno alikuwa amefungua mdomo, midomo inatafuta neno la kwanza, na neno lilikuja, maana kila mtu kijijini analo, lakini baada ya neno hapakuwa na wimbo. Wagiman alizima kinasa sauti.