Kulabu Kwanza, Mpira Baadaye

Mzee Cornel aliingia darasani na vitu viwili mkononi: daftari la kurudisha, na simu yenye ujumbe wa kusomewa. Ujumbe ulitoka Masumbwe kwa binti yake Limi, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika. Siku zote mzee alimpelekea Liaquat mwenye duka amsomee, lakini Liaquat alisoma kwa sauti ya mnadani, na mji mzima wa Isaka ulijua mambo ya Limi kabla baba yake hajatoka mlangoni.

"Shikamoo, Baba Limi."

"Marahaba, Mwalimu. Chukua daftari lako. Kichwa hiki kimeshastaafu. Ya jana yote yamemwagika."

Bhumika, aliyefundisha baiolojia asubuhi na kusoma kwa watu wazima jioni, hakulipokea. Alichora ubaoni chembe mbili za ubongo zilizokaribiana.

"Unachojifunza kinapita hapa," alisema. "Lakini kwanza chembe zishikane. Huku ipo protini inaitwa neureksini, kule neuroligini. Zikikutana zinakamatana. Ndipo upande huu unakusanya kemikali za kutuma, na ule unaweka vipokezi vyake mkabala. Katikati unabaki upenyo mwembamba sana, na ujumbe unauvuka."

Mzee Cornel alisogelea ubao. Miaka thelathini na moja alikuwa ameunganisha mabehewa pale stesheni.

"Kulabu kwanza, mpira wa breki baadaye," alisema taratibu. "Ukianza na mpira, behewa likisogea mpira unachanika."

"Ndivyo hivyo."

"Na huko kichwani anayeunganisha ni nani?"

"Hakuna mtu. Zinakamatana zenyewe. Wewe kazi yako ni kurudia. Njia inayotumika huimarika, isiyotumika hulegea."

"Hata kwa mzee?"

"Hata kwa mzee. Polepole kuliko mtoto, sikudanganyi."

Mzee alijishika kichwa kwa viganja viwili, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha thamani. Mabilioni ya mabehewa, na hakuna hata mpiga filimbi. Halafu aliona aibu. Tangu wiki ya kwanza, kwa kiburi, alikuwa akikariri sentensi nzima nzima ili asionekane anasomasoma silabi kama mtoto. Alikuwa ameanza na mpira.

Akatoa simu.

"Nikusomee?" Bhumika aliuliza.

"Keti, Mwalimu."

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Shi... ka... mo... o. Shikamoo, ba... ba."

Akaitazama simu.

"Marahaba, mwanangu," aliijibu.

Bhumika aligeukia ubao asionekane anacheka. Maneno yaliyobaki yalichukua muda mrefu. Mara mbili alipotea, akarudi mwanzo, akashika silabi moja moja. Limi alikuwa amejifungua. Wa kike. Wote wazima.

Mzee Cornel alifuta uso kwa kiganja, kisha akalibana daftari kwapani.

"Hili naondoka nalo."

"Na Liaquat?"

"Liaquat safari hii atasikia kwangu."