Mita Themanini Kwenye Kamba ya Nguo

Nilirudishwa nyumbani siku tisa kabla ya shule kufungwa, kwa sababu ya jambo dogo linalohusu gundi na kiti cha mwalimu wa zamu. Baba alinitazama, akashusha pumzi, akanipeleka kwa dada yake. "Shangazi yako atakunyoosha," alisema. Kumbe Shangazi alikuwa na kitu kingine cha kunyoosha: waya.

Shangazi ni fundi simu mstaafu. Kwa miaka ishirini na miwili, kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, alizungumza kwa redio na mstaafu mwenzake wa mbali, aliyemwita Kidole kwa jinsi anavyogonga nukta na vistari vya alfabeti ya Morse. Hawajawahi kuonana. Kisha Shangazi akahama nyumba yenye uwanja, akaja ghorofa ya tatu, na redio ikawa bubu miezi minne. Masafa yao ya redio, yenye wimbi la urefu wa mita themanini, yanadai antena ya waya wa mita arobaini. Roshani yake haifiki mita nne.

Ndipo barua ya Kidole ikaja. Anahamia chumba kimoja nyumbani kwa mwanawe. "Huko hakuna pa kutundika hata koti," aliandika. "Jumapili hii nitakuwa hewani kwa mara ya mwisho, kisha redio naigawa. Nitakuita, hata usipoitika."

Nilimuuliza Shangazi kwa nini asimpigie simu. Alinitazama kama mpanda milima aliyeulizwa kwa nini hakupanda lifti.

Mwenyekiti wa jengo, ambaye watoto wote humwita Bwana Kanuni, alishaonya mapema. "Mama, antena hapa marufuku. Roshani ni ya kamba ya nguo tu."

"Asante sana, baba," Shangazi akamjibu kwa adabu. "Umenisaidia kweli."

Basi akatengeneza kamba ya nguo. Ilikuwa ya shaba, yenye ganda la plastiki, na ncha yake moja iliingia kwenye koili aliyoizungusha kwa mkono juu ya kipande cha bomba la maji. "Urefu uliokosekana unafichwa humu," alinieleza. "Ila antena fupi ina kiburi. Ndefu husamehe. Hii ukiikosea kidogo tu, inanuna."

Bweni limenifundisha kuheshimu vitu viwili: kengele ya chakula na mtu anayejua anachofanya. Siku nzima ya Jumamosi alifungua koili mzunguko mmoja, akapima, akafungua mwingine, akapima, bila kunung'unika wala kuharakisha. Mimi ningekuwa nimeshaitupa barabarani.

Jumapili alfajiri alifua, akaanika shuka mbili, taulo na soksi zangu, ili Bwana Kanuni akipita kwenye mazoezi yake asione kitu. Akapima kwa mara ya mwisho. Mshale wa kipimo ukalala kabisa, ishara kwamba nguvu yote inatoka hewani. Mizunguko arobaini na saba. Akaenda kuoga.

Nikabaki na kazi ile tukufu, na soksi zangu zikining'inia juu yake. Nikaona aibu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu, nikaanua nguo bila kutumwa.

Saa kumi na mbili kamili Kidole akasikika, kwa mbali, kama mdudu ndani ya kiberiti. Shangazi akajibu. Mshale ukaruka juu. Kidole akaita tena, kana kwamba hakuna mtu.

"Hanisikii. Nguvu yote inarudi." Akageuka dirishani. "Nguo ziko wapi?"

"Nimezianua, Shangazi. Na kuzikunja."

"Zilikuwa zimekauka?"

"Bado."

"Wewe mtoto! Siku nane hujaanua hata leso, leo ndiyo umeokoka? Antena nimeipima ikiwa imevaa nguo mbichi, wewe umeivua! Zirudishe, kila moja mahali pake!"

Nilitundika shuka. Mshale ukashuka nusu. Nikatundika soksi. "Bado," akasema, huku Kidole akiita kwa mara ya nne, na kila mara akikaa kimya muda mrefu zaidi. Taulo! Nilikuwa nimelikamua kwa bidii ya mtu mwema. Nikalichovya kwenye ndoo, nikalitupia kambani likichuruzika, maji yakanishuka hadi kwapani. Mshale ukalala.

Shangazi akagonga. Kisha nukta na vistari vikaja mbio, na penseli yake ikaviandika:

NAKUSIKIA. HAFIFU LAKINI SAFI. UMEPATA UWANJA?

Akajibu huku akinitamkia: "Roshani. Mita tatu na nusu."

UONGO.

Shangazi alicheka hadi miwani ikamteleza. Alikuwa ameandaa maneno ya kuagana. Niliyaona kwenye karatasi, mistari sita iliyofutwafutwa. Hakuyagusa. Alianza kugonga vipimo: upana wa bomba, unene wa waya, idadi ya mizunguko, jinsi waya unavyofungwa kwenye reli ya roshani. "Chumba kimoja kinatosha," akamalizia, "kikiwa na dirisha."

Kukawa kimya kirefu. Nikadhani antena imenuna tena.

Kisha penseli ikaandika: RUDIA POLEPOLE. NILIKUWA NATAFUTA KALAMU.

Akarudia, polepole, kuanzia upana wa bomba.