Mafuriko Yaliyochelewa Siku Moja

Saa tatu kasorobo asubuhi, karani wa masjala ya rufaa za kodi alikuwa akipangusa muhuri wake maji yalipofika ghorofa ya tatu. Yalipanda ngazi taratibu, yakibana upande mmoja kupisha watu. Mbele ya maji walitangulia mwoka mikate na wifi yake, viatu mkononi.

"Ya rufaa ipi, mama?" karani aliuliza.

"Yangu, mwanangu. Wanasema nilioka mwaka mzima, nilipe kodi ya mwaka mzima. Haya ndiyo mafuriko yaliyonifungia duka miezi mitano."

Karani aliyakagua. Yalikuwa ya kahawia, ya magotini, na yamebeba kila yalichochukua siku ile: trei, magunia ya unga yaliyovimba, daftari la oda. Yalipotulia yalichora ukutani mstari wa matope.

"Nakala nne," alisema.

Maji yakajigawa, yakaingia vyumba vinne kwa kina kimoja. Karani aliridhika, wengi huleta tatu. Kisha akatazama kalenda.

"Mwisho ulikuwa jana."

"Yalishafika baharini. Nimeyaandikia barua tatu. Na kurudi huku ni mlima mtupu."

"Siku ya kuharibu yaliwahi alfajiri," wifi alisema. "Siku ya kusema kweli, yanajikokota kama bwana harusi aliyelazimishwa."

Mwoka mikate hakucheka. Aliogopa. Tanuri lake lilikwisha kubandikwa karatasi ya kukamatwa; rufaa ikianguka linabebwa, na miaka ishirini na miwili ya kuamka kabla ya jogoo inakwenda nalo.

Jopo liliketi saa nne, suruali zimekunjwa. Wakili wa mamlaka ya kodi alisimama ndani ya maji akaeleza kwamba hapingi kuwa yapo. Anachopinga ni tarehe yalipofika. Mwenyekiti aliuliza sababu ya kuchelewa.

"Mlima, mheshimiwa."

Mwenyekiti alifunua kanuni ukurasa kwa ukurasa. Ugonjwa ulikuwamo, msiba ulikuwamo, mlima haukuwamo. Trei ilielea mbele yake, akaisogeza kwa rula ili aone vizuri anachosoma.

"Kwa kuwa hakuna ushahidi wowote mbele yetu kwamba kulikuwa na maji," alisoma, "rufaa imetupwa."

Kisha akainua miguu, karani apite na faili.

Mwoka mikate aliumia hasa, kuliko siku ya mafuriko yenyewe, kwa sababu siku ile hakuna aliyemwambia kwamba hayakutokea. Wifi alimshika kiuno.

Karani aliwaletea ndoo mbili na fomu ya kuzitilia saini. Ushahidi usiopokelewa huondolewa na mwenyewe kabla ofisi haijafungwa. Wakaanza kuchota na kuteremka, kuchota na kuteremka, hadi mabega yakawaka moto.

Saa kumi, mlangoni chini, walilikuta lori lililotumwa kubeba tanuri limesimama, boneti juu, likifuka mvuke. Dereva aliwaamkia kwa heshima.

"Mama, nisaidieni maji kidogo ya rejeta. Naenda hapo kwenye duka la mikate, lori limenichemkia."

Mwoka mikate alimtazama, akatazama ndoo. Maji hayanyimwi mtu. Akammiminia mpaka rejeta ikajaa, na lori likawaka mara moja.