Siku Niliyocheza na Rahabu

Rahabu alirusha jembe juu, likazunguka chini ya paa la bati, likaja kwangu. Wakati wa mazoezi alikuwa akinitazama usoni kwanza ndipo anarusha. Siku hiyo alitazama ukutani.

Tulikuwa mwaka wa mwisho chuoni, Kibaha, tukisomea ualimu wa sanaa. Mtihani wa ngoma ulitaka wanafunzi wawili wa makabila tofauti wafundishane ngoma za kwao, kisha wazicheze pamoja. Mimi, Mzaramo wa Maneromango, nilimfundisha mdundiko. Yeye, Msukuma ambaye baba yake alihamia na ng'ombe wake huko huko kwetu, akanifundisha bugobogobo, ngoma ya majembe. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Sofu na mazoezi tuliyafanyia uani. Mama mwenye nyumba akifoka kwamba tunamtimulia vumbi kwenye nguo alizoanika, Rahabu alikuwa akicheka hadi anakaa chini.

Siku moja kabla ya mtihani mama alinipigia simu. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mihogo yetu. Kaka yangu Halidi alikwenda kuwafukuza, mchungaji akamkata panga mkono wa kulia. Mchungaji mwenyewe ni Nyanda, kaka yake Rahabu.

Nilimkuta Halidi hospitalini Kisarawe. Vidole vilikuwa vimevimba nje ya bandeji, havitikisiki.

"Mama, kesho nina mtihani."

"Unacheza na nani?"

Mama alijua. Akavuta shuka akamfunika Halidi mabega, ingawa joto lilikuwa kali.

"Nenda, Firdausi. Mihogo hiyo hiyo ndiyo iliyokusomesha."

Basi siku ya mtihani nililidaka jembe, nikamrudishia. Mpini ulikuwa umelowa jasho lake. Tulipoingia kwenye mdundiko tulikwenda bega kwa bega, miguu ikitua pamoja, na nikamsikia analia. Hakukosea hatua hata moja.

Ngoma ziliponyamaza, Mwalimu Margareth alisimama akipiga makofi. Hakuwa na habari yoyote.

"Leo mmeelewana kuliko siku zote," alisema. "Sanaa inaunganisha watu, mnaona?"

Nje, Rahabu aliinama kufungua njuga miguuni.

"Vidole vyake vinacheza?"

"Bado."

"Nyanda amekimbia. Baba anahamisha ng'ombe, wanakwenda Lindi." Akainua uso. "Mwenzangu, sijui nikupe pole au nikuombe radhi."

Kabla sijafungua mdomo, mwalimu alituita tupigwe picha. Tukasimama na majembe yetu mabegani, tukaambiwa tutabasamu, tukatabasamu. Nilipogeuka, Rahabu alikuwa ameshafika getini. Kesho yake mjomba wake alikuja Sofu kuchukua godoro lake.

Tuliongoza darasa kwa alama. Mama hajawahi kuniuliza mtihani ulikwendaje.

Sasa nafundisha shuleni Misugusugu. Nikienda nyumbani tunakula sinia moja kama zamani, isipokuwa Halidi. Anaona haya kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu, hata mbele yetu. Huchukua sahani yake, akazunguka nyuma ya nyumba.