Barua ya Malalamiko

Elisifa alikuwa akimkatia ng'ombe migomba nyuma ya nyumba, huko Mwika, mgeni alipojitokeza katikati ya mibuni bila hata kupiga hodi. Alikuwa kijana wa rika lake, viatu vya ofisini vimejaa matope, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo.

Elisifa akaweka panga chini. Kwa mila ya kwao, anayekuja na jani hilo anakiri kosa, na msamaha anaouomba haukataliwi.

"Kama ni wa kampeni, mwambie tumeshapiga kura!" mama yake, Lukresia, alipaza sauti kutoka jikoni.

"Shikamoo, mama," kijana akasema. "Naitwa Fredy, natokea Kwa Sadala. Mimi ndiye niliyepewa ile kazi ya dada."

Ile kazi. Miaka minne tangu ahitimu shahada ya ufugaji, usaili kumi na moja, na ule wa chama cha ushirika wa maziwa ndio pekee aliotoka akitabasamu. Alipoambiwa amepata mwingine, aliandika barua ya malalamiko. Ijumaa angesikilizwa.

"Ulikuwa wa kwanza, dada. Mimi wa nne. Mjomba wangu yumo kwenye kamati ya usaili. Wallahi nimejua juzi tu. Lakini mke wangu kajifungua, siwezi kuiacha. Naomba unisamehe, uifute ile barua."

"Kwa hiyo hata kulalamika unaninyang'anya?"

Fredy alimnyooshea jani.

Lukresia alikuwa ameshatoka jikoni. "Mwanangu," alisema taratibu, "unajua mila."

"Najua, mama." Akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe. Ijumaa naifuta barua."

Fredy alipoondoka, Elisifa aliegemea shingo ya ng'ombe akalia mpaka kwikwi zikamkaba.

Ijumaa, mjini Moshi, mwenyekiti wa kamati ya rufaa, mama wa makamo, alifunga mlango kwanza.

"Binti, nimezipitia alama. Umechezewa. Ila bila mlalamikaji mimi sina kesi. Sema tu unasimamia barua yako, Jumatatu unaanza kazi."

Jumatatu! Elisifa alijiona amevaa koti jeupe, akipima maziwa.

"Nimekuja kuifuta, mama."

"Wamekutisha?"

"Hapana. Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

Elisifa akaivuta barua yake karibu. Chozi lilidondokea mezani, akalifuta kwa kiganja, kisha akaomba kalamu na kutia sahihi kwamba ameifuta barua.